Ukurasa Huu ni wa Nani? Walimu, Nakala na Ruhusa Katika Meru na Embu



Hakimiliki ikitajwa mbele ya walimu, wengi hujiandaa kutishwa. Hutarajia habari za faini, za polisi kuvamia duka la fotokopi, za kifungo. Sheria inazo adhabu hizo na sizifichi, lakini sikuja kwa ajili yake. Nimekuja kuwaambia kwamba mwalimu anayeangalia ruhusa kabla ya kunakili anaipa kazi yake maisha marefu. Nyenzo ambayo ruhusa yake inajulikana inaweza kuchapishwa tena, ikatafsiriwa kwa Kimeru au Kiembu, ikatiwa katika Breli, ikapewa shule jirani, ikawekwa kwenye tovuti ya chuo mchana kweupe. Nyenzo isiyojulikana ni ya nani hupitishwa kwa kificho kutoka simu hadi simu, mpaka siku simu inapoharibika.

Simu hizo mnazijua. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na madarasa mengi yakakaa nyumbani hadi Januari 2021, walimu wa Nkubu na wa Runyenjes walifanya lililowezekana: walipiga picha kurasa za vitabu, wakazituma kwenye makundi ya WhatsApp, na watoto wakasoma. Siwalaumu hata kidogo. Tatizo ni kwamba dharura iliisha, mazoea yakabaki. Leo maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, mitihani ya majaribio, miongozo ya tamthilia na hata vitabu vizima vilivyoskaniwa vinazunguka katika makundi yale yale bila jina la mwandishi wala ukurasa wa mbele, na mara nyingi chini ya kila ukurasa imepachikwa nambari ya M-Pesa ya mtu ambaye hakuandika hata mstari mmoja.

Sheria yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ni ya mwaka 2001, ilianza kutumika Februari 2003, na imerekebishwa mara kadhaa, marekebisho makubwa yakiwa yale ya 2019. Kwa sheria hiyo kazi ya maandishi hulindwa tangu inapoandikwa, mradi ni jasho la mwandishi mwenyewe. Bodi ya Hakimiliki, tuliyozoea kuiita KECOBO, husajili kazi, na usajili husaidia sana panapotokea ubishi, lakini haki haizaliwi na usajili. Kwa hiyo usione ukurasa hauna alama ya © ukadhani umeokota mali isiyo na mwenyewe. Na ukinunua mkungu wa ndizi soko la Gakoromone, hujanunua mgomba: kitabu ulicholipia ni chako kusoma, kumwazima jirani, hata kukiuza ukishakichoka, ila haki ya kutengeneza kingine kama hicho imebaki kwa mwenyewe.

Sheria haikutufungia mlango kabisa. Inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, matumizi ya mtu binafsi, uhakiki, na kuripoti matukio ya wakati huo, mradi chanzo kitajwe. Inamruhusu mtu mmoja kusoma hadharani dondoo ya kiasi kutoka kitabu kilichochapishwa, akimtaja mwandishi. Inaruhusu kazi itangazwe redioni au kwenye televisheni ikiwa matangazo hayo ni ya kufundishia kwa utaratibu uliopangwa. Na kuna kipengele ambacho ningependa kila mwanafunzi wa ualimu, awe Kigari, awe Egoji, akijue kabla hajapangiwa shule: katika mkusanyo uliotengenezwa kwa matumizi ya shule au chuo kikuu, unaweza kutia vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka kazi moja, ukitaja jina la kazi na la mwandishi.

Viwili, tena vifupi. Hapo ndipo mazoea yetu yanapogongana na sheria. Chukua Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, ule mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda ambao wanafunzi wetu waliusoma kwa ajili ya mtihani wa KCSE. Mwalimu akinakili hadithi moja ya kurasa chache anaweza kujiambia kwamba amechukua sehemu ndogo tu ya kitabu. Lakini kila hadithi mle ina mwandishi wake, na kwa mwandishi huyo mwalimu amechukua kazi nzima. Karatasi za mitihani ya kitaifa iliyopita nazo hazikuwa za umma kwa sababu tu watoto wetu walizifanya. Mwenye hakimiliki ni Baraza la Mitihani, na kuzifunga vitabu na kuziuza bila idhini yake ni kosa, hata kama nia ni kuchangisha pesa za basi la shule.

Wapo wanaotetea kurasa za fotokopi kwa kutaja kesi ya Delhi. Ni kesi ya kweli, na nzuri kuijua. Mwaka 2012 wachapishaji wakubwa wa Uingereza, wakiwemo Oxford na Cambridge, walilishtaki duka la fotokopi la Rameshwari, lililokuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi, pamoja na chuo chenyewe, kwa kuwatengenezea wanafunzi vitabu vya kozi kutokana na kurasa za vitabu vyao. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliwakatalia, na mwaka uliofuata wakaiondoa kesi. Lakini mahakama ile ilisimama juu ya kipengele cha sheria ya India kinachoruhusu kunakili wakati wa kufundisha. Sisi tunacho kile cha vifungu viwili. Naamini Bunge letu lingefanya vyema kuwaongezea walimu nafasi, na ningefurahi kuona vyama vya walimu vikilidai jambo hilo. Mpaka hapo, ngao ya Delhi haitamkinga mwalimu wa Maua.

Kwa taasisi zinazodurufu kwa wingi, njia iliyowekwa ni leseni ya pamoja. KOPIKEN ni chama kilichoundwa kwa kazi hiyo, kuwakilisha waandishi na wachapishaji katika haki za kudurufu. Vyama vya namna hii hufanya kazi kwa kibali cha KECOBO, na kibali kina muda wake, kwa hiyo mkuu wa shule au mhasibu wa chuo aulize kwanza kama kibali kiko hai ndipo alipe.

Sasa niende Embu, kwa kitabu ninachokithamini sana. Tuseme mwalimu wa Historia kule Runyenjes anataka wanafunzi wake wasome simulizi za kwao. Maktabani amepata Embu Historical Texts cha H.S.K. Mwaniki, kilichochapishwa 1974, mkusanyo wa masimulizi yaliyochukuliwa kwa wazee. Mwaka mmoja kabla yake mwandishi huyo alikuwa ametoa The Living History of Embu and Mbeere. Mwalimu anataka kurasa ishirini kwa wanafunzi arobaini, na baadaye azitafsiri. Afungue ule ukurasa ulio nyuma ya jina la kitabu, ambao wengi wetu huupita mbio. Atakuta mchapishaji ni East African Literature Bureau. Ofisi hiyo haipo tena. Ilianzishwa 1948 kuhudumia nchi zetu za Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 nayo ikavunjika, na upande wa Kenya ukarithiwa na Kenya Literature Bureau (KLB), iliyopata sheria yake mwaka 1980.

Kwa hiyo barua ya kwanza iende KLB, na iulize maswali mawili yasiyochanganywa. La kwanza: haki za kitabu hiki ziko kwenu, au ni za mwandishi au familia yake? La pili: kama ziko kwenu, mnaniruhusu nini? Wengi hulirukia la pili. Jina la mchapishaji kuwa kwenye jalada si ushahidi kwamba haki ni zake hadi leo. Kwa sheria yetu hakimiliki haihami mpaka kuwe na maandishi yaliyotiwa sahihi na anayeihamisha, na mkataba wa wakati ule unaweza kuwa ulihusu toleo moja tu.

Asipojibiwa je? Aandike tena, apige simu, na ajue kwamba kimya si ruhusa. Lakini hajakwama. Atumie vifungu vyake viwili vifupi. Awasomee wanafunzi dondoo darasani huku akimtaja mwandishi. Awapeleke maktaba ya umma ya Embu, kama kitabu kipo, wakisome kwa zamu. Zaidi ya yote, aandike somo kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu hakimiliki haishiki habari, inashika namna ilivyoandikwa. Kwamba Waingereza waliingia Embu kwa nguvu za silaha mwaka 1906 ni habari ya kila mtu. Sentensi za Mwaniki za kulieleza jambo hilo ni za Mwaniki. Tofauti hii ndiyo inayomkomboa mwalimu mara nyingi kuliko leseni yoyote, na nasikitika kwamba haifundishwi vya kutosha vyuoni.

Hapa kwetu, hata hivyo, mambo hayakomei kwa mchapishaji. Masimulizi yale yalitoka vinywani mwa watu. Mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za utamaduni, inayotambua kwamba hadithi, nyimbo, ngoma na ujuzi wa mitishamba vina wenyewe, yaani jamii zilizovitunza, na kwamba anayetaka kuvitumia nje ya desturi ya jamii hiyo aombe idhini kwanza, akiwa ameeleza wazi anachotaka kufanya. Serikali za kaunti zimepewa sehemu katika kuviorodhesha na kuvilinda. Kwa Meru hili ni jambo la karibu mno. Nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, iko Nchiru, na Nchiru hiyo hiyo ndiko kuliko Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Mwanafunzi anaweza kutoka darasani alasiri akaenda kumrekodi mzee, na kabla ya usiku hadithi iko kwenye intaneti.

Naomba jambo moja kwa wanafunzi kama huyo. Weka simu mezani, washa kinasa sauti, na kabla hadithi haijaanza muulize mzee kwa lugha yake, sauti zenu wawili zisikike: Mzee wangu, naweza kuitumia hadithi hii shuleni? Naweza kuichapisha? Jina lako nilitaje au nilifiche? Kuna sehemu isiyofaa kutoka nje ya baraza la wazee? Usizime kinasa mpaka amejibu yote. Rekodi ile ni kazi yako wewe, lakini mzee naye ana haki zake kama msimulizi, na majibu yake ndiyo yatakayomwezesha mtu mwingine, miaka mingi baadaye, kuitumia rekodi hiyo bila kubahatisha. Nimeshaona rekodi nzuri za wazee waliokwisha kufariki zikikaa kabatini kwa sababu hakuna ajuaye walikubali nini.

Kuna pia kazi ambazo muda wa ulinzi wake umekwisha. Katika Kenya ulinzi wa maandishi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, kwa hiyo tangu Januari 2013 maandishi yake hayahitaji ruhusa hapa Kenya, ingawa dibaji, maelezo na michoro ambayo wachapishaji wameongeza katika matoleo mapya ina wenyewe. Jomo Kenyatta alifariki Agosti 1978. Kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotoka London mwaka 1938 na ambacho walimu wa sehemu hizi za mlima hukinukuu sana, kinalindwa hapa mpaka mwisho wa 2028. Uingereza, ambako sheria inahesabu miaka 70, mpaka mwisho wa 2048. Anayekiweka kitabu kama hicho kwenye intaneti lazima azitazame nchi zote mbili.

Kabla sijaendelea, niseme nanyi kama wenye mali. Mwalimu wa Siakago anayekesha akitunga mtihani wa majaribio amezaa kazi inayolindwa. Sheria inasema kazi iliyofanywa kama sehemu ya ajira huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine, kwa hiyo shule na walimu wake wakubaliane mapema, kwa maandishi, nani atakuwa na nini. Wakishakubaliana, waandike majina na mwaka chini ya kila karatasi. Mtihani uliotungwa na shule kadhaa kwa pamoja unauzwa mjini na mtu asiyefahamika kwa sababu watungaji wenyewe hawakuacha alama yoyote ya kuwatambulisha. Na hata haki ikiwa kwa mwajiri, mwandishi anabaki na haki ya kutajwa na ya kazi yake kutoharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima.

Nyenzo zenye leseni huria ndizo ninazowashauri mzitafute kwanza, kwa sababu hapo ruhusa imeshatolewa. Mfano wa leseni hizo ni zile za Creative Commons, zilizotoka mara ya kwanza Desemba 2002. TESSA, mradi wa elimu ya walimu wa Afrika ulioratibiwa na Open University ya Uingereza, una nyenzo za darasani hata kwa Kiswahili. African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi za watoto kwa Kiswahili na kwa lugha nyingi za Afrika, na unamkaribisha mwalimu atafsiri na kuongeza zake. Mwalimu wa chekechea anayelia kwamba hana vitabu vya lugha ya nyumbani aanzie huko.

Lakini soma herufi za leseni ya Creative Commons. BY zinakutaka umtaje mwandishi. NC zinakataza biashara. ND zinakataza kubadilisha, na kutafsiri kwa Kimeru ni kubadilisha, hata kama hukuongeza neno. SA zinakutaka ulichotengeneza nawe ukiachie wengine kwa masharti yale yale. Kisha mwangalie aliyeibandika leseni hiyo. Mtu aliyeskani kitabu cha mwenzake na kukipandisha mtandaoni hana ruhusa ya kukupa, awe ameandika herufi gani. Picha nazo ni vivyo hivyo: ukiulizwa umeitoa wapi ukajibu Google, bado hujajibu, bofya mpaka ufike ukurasa wa mwenye picha.

Wakati mwingine ukichunguza unagundua kwamba huhitaji kumwomba mtu yeyote. Igoji kuna shule ya St. Lucy ya watoto wasioona. Kwa miaka mingi kutengeneza kitabu cha Breli kulitegemea hisani ya mchapishaji, na mtoto alingoja. Juni 2013 mataifa yalikubaliana Mkataba wa Marrakesh, Kenya ikajiunga 2017, na marekebisho ya 2019 yakauingiza katika sheria yetu. Taasisi iliyoidhinishwa kuwahudumia wasioona, isiyotafuta faida na iliyokipata kitabu kwa njia halali, inaweza sasa kukitengeneza katika Breli, katika sauti au katika faili la kusomwa na kompyuta bila kuomba ruhusa, mradi nakala hizo ziwaendee waliolengwa peke yao. Faili la sauti lililotengenezwa kwa mtoto wa Igoji likitumwa kwenye kundi la WhatsApp la shule nyingine, linavunja sharti lililolifanya liwezekane, na wa kwanza kuumia ni mtoto yule. Naomba walimu walilinde kwa wivu.

Sasa barua. Ruhusa isiyo ya kumpa mtu mmoja pekee inaweza hata kutolewa kwa mdomo kwa sheria yetu, lakini mdomo haukaguliki, na mwalimu huhamishwa. Andika, na uandike kwa undani. Usiseme unaomba kutumia kitabu. Sema hivi: Naomba kunakili ukurasa wa 41 hadi 60 wa kitabu fulani, toleo la mwaka fulani, nakala 40 za karatasi, kwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu wa shule yetu, kwa muhula wa pili, hazitauzwa, naomba pia ruhusa ya kuzitafsiri kwa Kiembu na kuweka tafsiri hiyo katika maktaba ya shule. Kama haki hizi si zenu, naomba mnielekeze kwa mwenyewe. Mtaje mnavyotaka mwandishi atambuliwe, na ada kama ipo. Barua ya namna hiyo hujibika, kwa sababu anayeisoma hana la kukisia. Jibu likija, libandikwe kwenye daftari moja linalokaa maktabani, pamoja na nakala ya ukurasa ule wa nyuma ya jina la kitabu na tarehe. Wakutubi wa Meru na Embu mlioko hapa, nawasihi mlianzishe daftari hilo muhula huu, na mkubaliane kuonyeshana madaftari yenu, ili shule ya Chogoria isiandike barua ambayo shule ya Kevote imeshajibiwa.

Mhadhara huu unachapishwa ili mbaki nao, kwa hiyo niseme masharti yake. Mnaweza kuunakili wote au sehemu yake, kwa fotokopi au kwa simu, mkaugawa bure darasani, chuoni na katika mikutano ya walimu. Mnaweza kuutafsiri kwa Kimeru, Kiembu, Kimbeere au Kitharaka, na kuutia katika Breli au sauti. Mtaje ulikotoka, mwandike penye mabadiliko kwamba ni yenu, na anayetaka kuuza nakala aniandikie kwanza. Ruhusa hii haina mwisho wa muda, na hamhitaji kunijulisha.